Kebo ya Ofisini Haiwezi Kazi ya Karakana

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia ujenzi wa jengo la ofisi la ghorofa sita. Nyuma yake kuna karakana ya kiwanda kidogo, umbali wa mita 140 hivi. Mwenye jengo anataka liwe jengo janja: taa, kamera, milango na viyoyozi vyote viendeshwe kwa mtandao. Mkandarasi amependekeza kebo ya Cat6 kila mahali, karakana ikiwemo. Anasema tusitumie fedha zaidi ya hapo, kwa kuwa miaka michache ijayo kila kitu kitakuwa bila waya. Je, nikubali?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla dari haijafungwa. Mara nyingi maswali ya namna hii hunifikia rangi ikiwa imeshakauka.

Pendekezo hilo usilikubali lilivyo. Cat6, daraja la sita la kebo za shaba za mtandao, si kebo mbaya. Nimeitandaza mwenyewe kwa miaka, na majengo yale bado yanafanya kazi. Tatizo ni kwamba mkandarasi wako ameichagua kwa kuangalia kasi peke yake, kana kwamba kila ncha ya kebo itaishia kwenye kompyuta. Katika jengo mnalolijenga, kebo ya mtandao inabeba mizigo miwili, taarifa na umeme, na huo wa umeme ndio utakaowasumbua kwanza. Huko karakana kuna jambo la tatu: kebo lazima iishi na mafuta, mtikisiko na kelele za umeme za mota, yaani usumbufu wa mawimbi, si sauti. Kebo moja haiwezi kuyamudu yote hayo.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo penye mengi.

Taa, kamera na vitasa vya milango vya jengo janja havichomekwi ukutani. Vinapata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, utaratibu ambao mafundi tunauita PoE. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kutoka IEEE (chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya mtandao), kiliruhusu swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kebo zote) kutoa wati 15.4 kwa kila tundu, zinazotosha simu ya mezani au kamera ndogo. Mwaka 2009 zikawa 30. Mwaka 2018 kikaja kiwango cha 802.3bt kinachoruhusu wati 60, na daraja la juu zaidi wati 90, kwa kutumia jozi zote nne za nyaya zilizosokotwa ndani ya kebo. Ndicho kilichofanya taa za dari na kamera kubwa zinazozunguka ziweze kuning'inia kwenye kebo ya data.

Sasa tazama hesabu iliyomo ndani ya kiwango hicho. Swichi inatoa wati 90, lakini kifaa kilichoko mita 100 mbele kinahakikishiwa wati 71.3 tu. Zile 18.7 zilizopungua zimegeuka joto ndani ya kebo. Kwa kebo moja hulisikii. Lakini kebo 100 zikifungwa fungu moja juu ya dari, zote zikibeba mzigo wa juu kabisa, ni wati 1,870, karibu sawa na pasi ya umeme iliyowashwa mchana kutwa. Joto hilo limetandazwa kwenye urefu wa mita 100, ndiyo, lakini kebo za katikati ya fungu hazina pa kulitolea. Zimezungukwa na nyingine zenye joto lilelile.

Kebo nyingi za mtandao zimepimwa kuvumilia nyuzi 60 za Selsiasi. Nafasi iliyo juu ya dari, hasa chini ya paa, inaweza kufika nyuzi 45 bila umeme wowote kupita. Zinabaki nyuzi 15 tu. Na kebo si lazima iyeyuke ndipo ilete tatizo. Shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda na mawimbi ya data yanafifia mapema. Kwa kebo isiyo na kinga ya foili iliyofika nyuzi 60, ule urefu wa mita 90 unaoruhusiwa kutoka kwenye kabati la swichi hadi soketi unashuka hadi mita 75 hivi. Yenye kinga inashuka hadi kama mita 83. Kwa hiyo pointi iliyopimwa asubuhi ya baridi jengo likiwa tupu, ikapita, inaweza kuanza kukatika taa zikishafungwa na jengo likajaa watu. Fundi atabadilisha taa, atabadilisha swichi, na kosa litabaki pale pale juu ya dari.

Ndiyo sababu ninakushauri Cat6A, daraja lililo juu ya Cat6, kwa kila kebo itakayolisha taa, kamera au antena ya Wi-Fi. Waya wake kwa kawaida ni mnene, milimita 0.57 hivi, na kebo yenyewe ni nene, kwa hiyo inatoa joto vizuri zaidi. Ukisoma maandishi kwenye ganda utakuta herufi AWG na namba. Kumbuka kwamba namba ikipanda, waya unapungua: 23 ni mnene kuliko 24, na 28, inayotumika kwenye zile kebo fupi nyembamba za kabatini, ni milimita 0.32 tu. Hizo nyembamba ni nzuri kwa kupanga kabati, ila usizifanye njia ya umeme mwingi. Na mafungu yasizidi kebo 24. Zifungwe kwa mikanda laini ya kunasa, si zile tai za plastiki zinazokazwa kwa koleo mpaka ganda linabonyea. Ganda likibonyea, jozi zilizo ndani zinabadilisha umbali wake, na umbali huo ndio uhai wa kebo.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba ulishike kwa mikono miwili: shaba iwe shaba. Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo kamera tatu za mbali zilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Mchana picha safi kabisa. Jua likizama zinazima, zinawaka, zinazima tena, usiku kucha. Walikuwa wamebadilisha kamera mara mbili na swichi mara moja. Nilikata kipande cha kebo kama urefu wa kidole, nikamenya waya mmoja, nikaukwarua taratibu kwa ubapa wa kisu. Rangi ya shaba ikatoka kama maganda, chini yake pakawa peupe. Alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu. Mchana kamera ilikuwa inatumia umeme kidogo, ikapona. Giza likiingia taa zake za infraredi zinawaka, mahitaji yanapanda, volti inaanguka njiani, kamera inakata roho. Kwa kuwa imezima, mzigo unaondoka, volti inarudi, inawaka tena, na mzunguko unaendelea hadi alfajiri. Sanduku la kebo ile lilikuwa limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Viwango vya kebo vya TIA (vya Marekani) na vya ISO/IEC (vya kimataifa) haviikubali kebo hiyo kwa daraja lolote. Kebo zote za ghorofa ile ziling'olewa. Basi kabla hamjanunua, mwambie mkandarasi akuletee kipande kutoka kwenye boksi atakalolitumia, ukikwarue mwenyewe mbele yake.

Kuhusu kasi sitakaa sana. Cat5e ni ya gigabiti 1 hadi mita 100. Cat6 inapimwa hadi megahezi 250, na inaweza gigabiti 10 kwa mita 55 hivi, chini ya hapo kebo zikisongamana. Cat6A inapimwa hadi megahezi 500 na inafikisha gigabiti 10 mita 100 kamili. Mkandarasi mwingine akikuletea Cat8 kwamba ndiyo ya kisasa zaidi, mshukuru tu. Ile ni kebo ya mita 30, imetengenezwa kwa vyumba vya seva, haina kazi kwenye ghorofa za ofisi. Bajeti ikibana, meza za wafanyakazi zilizo karibu na kabati zinaweza kubaki na Cat6 na hazitaona tofauti. Punguza huko, usipunguze kwenye dari.

Hili la kwamba kila kitu kitakuwa bila waya nalisikia kila mwaka, na kuna ukweli ndani yake. Vihisio vidogo vya joto, vya unyevu, vya kujua kama chumba kina mtu, vinaweza kukaa kwa betri na kutuma taarifa hewani bila shida yoyote. Lakini itazame antena ya Wi-Fi yenyewe: inaning'inia kwenye nini? Kwenye kebo. Kadiri Wi-Fi inavyokuwa na kasi ndivyo inavyotumia masafa ya juu, na masafa ya juu hayapendi kuta za zege, kwa hiyo antena zinaongezeka, na kila iliyoongezeka inataka kebo na umeme wake. Antena za siku hizi zinaweza kupita gigabiti 1, ndiyo maana mwaka 2016 IEEE ilitoa kiwango cha 802.3bz cha gigabiti 2.5 na 5. Mimi hupeleka kebo mbili za Cat6A kwenye kila pointi ya antena, moja ikae ikisubiri. Jengo lisilo na waya machoni pa watumiaji huwa limejaa waya juu ya dari.

Ukiweza, gawanya kila ghorofa kwa kanda. Kebo zitoke kwenye kabati hadi kisanduku kilichofungwa darini katikati ya kanda, kisha kutoka pale kebo fupi ziende kwenye taa, kamera na vihisio. Mpangaji akivunja kuta za ndani, na atazivunja, utabadilisha zile fupi tu.

Sasa twende nyuma ya jengo. Mita 140 kati ya ofisi na karakana haziwezekani kwa kebo ya shaba ya Etheneti ya kawaida, yaani hii ya mtandao yenye jozi nne. Ukomo ni mita 100: 90 za kebo iliyotulia ukutani na 10 za zile fupi za miisho. Kuna wanaoweka swichi katikati ya njia ndani ya kijisanduku ili kuunga safari. Usiruhusu. Na hata umbali ungekuwa mita 60, ningekukataza shaba kati ya majengo mawili. Kila jengo lina ardhi yake ya umeme, na ardhi hizo hazilingani volti. Radi ikipiga karibu, tofauti hiyo inaruka kwa kishindo, na kebo ya shaba ndiyo inayokuwa daraja. Inaunguza swichi pande zote mbili kwa pigo moja.

Hapo weka faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga. Kioo hakipitishi umeme, na maneno mengine juu ya radi yanaishia hapo, mradi uchague faiba isiyo na waya wa chuma ndani yake. Chagua ya aina ya modi moja, inayoandikwa OS2, ambayo moyo wake ni maikromita 9 tu. Ile ya modi nyingi yenye moyo wa maikromita 50 ingefika pia, kwani OM3 inabeba gigabiti 10 hadi mita 300, lakini kila kasi inapopanda umbali wake unapungua. Kwenye OS2 gigabiti 10 zinakwenda kilomita 10, na kasi zitakazokuja mtabadilisha vifaa vya miisho bila kuugusa mtaro. Pitisha nyuzi 24 hata kama leo mnatumia mbili, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye kuchimba. Kama eneo linaruhusu, ziwe njia mbili tofauti, moja kila upande wa kiwanja. Koleo la mchimba mtaro limesimamisha viwanda vingi kuliko mdukuzi yeyote.

Uingiapo karakana, badilisha kabisa namna ya kufikiri. Ofisini mtandao ukikatika sekunde mbili, mtu anaburuza kipanya tena. Karakana, mashine inayosubiri amri kila milisekunde chache itasimama, na kuiwasha upya kunaweza kuchukua nusu saa. Viwango vya kimataifa vya kebo za viwandani, kikiwemo ISO/IEC 11801-3, vinapima mazingira kwa herufi nne, M, I, C na E: misukosuko ya kupigwa na kutikiswa, kuingiwa na vumbi au maji, hali ya hewa pamoja na kemikali, na usumbufu wa sumaku na umeme. Kila herufi hupewa daraja la 1 hadi 3, ambapo 1 ni ofisi tulivu na 3 ni kiwandani hasa. Mwambie mkandarasi akuandikie madaraja hayo kwa kila eneo la karakana. Akishindwa, utajua anakisia.

Herufi inayodharauliwa kuliko zote ni ya mwisho. Kuna karakana niliyokaa na kompyuta mpakato magotini mbele ya kabati la swichi, natazama kaunta ya fremu (vifurushi vya data) zilizoharibika. Mota ya pampu ikiwa imezimwa, namba imesimama tuli. Fundi akiiwasha, inapanda kwa mamia. Akiizima, inasimama. Tulirudia mara nne ili mwenye kiwanda ajionee kwa macho yake. Kebo ya data ilikuwa imelala kwenye trei moja na nyaya za mota kwa zaidi ya mita 30, na mota ile iliendeshwa na kile kifaa cha kurekebisha kasi ambacho hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Msokoto wa jozi hufuta kelele nyingi, lakini si kelele ya kulala nayo ubavu kwa ubavu.

Tuliipa data trei yake ya chuma, na ilipolazimu kukatiza nyaya za umeme ikakatiza kwa pembe mraba. Tukabadilisha kebo pia, tukaweka yenye kinga. Kinga ina masharti yake, ndugu yangu. Foili na wavu wa kebo lazima vikumbatie plagi mzunguko mzima na viunganishwe na ardhi ya jengo. Kinga iliyoachwa inaelea haifanyi kazi yake ipasavyo. Tena tofauti ya volti kati ya ardhi za miisho yake miwili isizidi volti 1, la sivyo umeme utatembea ndani ya kinga yenyewe. Kwa hiyo ofisini ningekaa na kebo isiyo na kinga, karakana ningeweka yenye kinga baada tu ya fundi umeme kuthibitisha ardhi iko sawa. Na pale fundi umeme asipokuwa na uhakika na ardhi hiyo, faiba hadi kwenye mashine.

Plagi ya kawaida ya RJ45 inashikwa na klipu ndogo ya plastiki. Kwenye mashine inayotikisika klipu hiyo haidumu, na vumbi la chuma linaingia bila hodi. Nje ya kabati tumia plagi za M12, zinazokazwa kwa uzi kama skrubu. Zenye alama ya X zinafika gigabiti 10, zenye D zinaishia megabiti 100, ambazo kwa vihisio vingi ni nyingi mno. Ganda la kebo liwe la poliurithani linalovumilia mafuta. Mkono wa mashine unaokwenda na kurudi unataka kebo yake maalumu ya kukunjika, yenye nyuzi nyingi nyembamba. Ya waya mmoja mgumu itakatika kwa ndani huku ganda likiwa zima, na utaitafuta hitilafu hiyo hadi uchoke.

Vipimo vilivyoko mbali, tuseme kwenye matangi au pampu za nje, sasa vina njia nzuri sana: Etheneti ya jozi moja, iliyoidhinishwa mwaka 2019 kama 802.3cg. Aina yake ya masafa marefu inabeba megabiti 10 hadi mita 1,000 kwa jozi moja tu ya waya, na umeme unaweza kupita humohumo. Zamani umbali huo ulikuwa wa RS-485, mfumo wa zamani wa mawasiliano ya waya viwandani, ambao bado ni mtumishi mwaminifu hadi mita 1,200. Kama kiwanda kina mita za umeme za zamani zinazoongea Modbus, lugha ya zamani ya vifaa vya viwandani, usizitupe. Weka kifaa cha kutafsiri, zitaingia kwenye mtandao bila kelele.

Swichi za karakana ziungane kwa duara, si kwa mstari. Kwa itifaki ya MRP, kanuni zinazoelekeza data upande wa pili wa duara, duara la swichi hadi 50 hurudi kazini ndani ya milisekunde 200 kebo moja ikikatika. Na kamera za nje, zile za ukutani mtu anaweza kuzifikia kwa ngazi: kila kebo ya nje ni mlango wa mtandao wenu. Tundu lake kwenye swichi lifungwe kwa uhakiki wa 802.1X, unaokagua kifaa kabla ya kukiruhusu mtandaoni, na kamera zikae kwenye mtandao wake, mbali na mashine.

Mwisho ni upimaji, na hapa usione haya kuwa mgumu. Kuna kile kipimio cha taa nane zinazowaka moja baada ya nyingine. Kinakuonyesha tu kwamba waya namba 1 umefika namba 1. Hakijui kama fundi amechanganya jozi, akachukua waya mmoja wa bluu na mmoja wa kijani kufanya jozi moja pande zote mbili. Taa zitawaka zote kwa mpangilio, wakati msokoto umeshauawa na jozi zinanong'onezana. Wala hakijui kama fundi amefumua msokoto sentimita nne nyuma ya soketi badala ya kuishia milimita 13.

Andika kwenye mkataba kwamba kila pointi ipimwe kwa kipimio cha kuthibitisha daraja, na matokeo yawe na urefu, kufifia, mnong'ono kati ya jozi, mwangwi, na tofauti ya ukinzani kati ya waya na waya mwenzake. Hicho cha mwisho mafundi wengi hukizima ili kuokoa muda, nacho ndicho kinachoamua kama PoE itafanya kazi vizuri. Upokee faili asili za kipimio, si karatasi zilizochapwa. Kisha chagua pointi kumi wewe mwenyewe, zikiwemo za mbali kabisa na za juu kabisa, zipimwe upya saa nane mchana ukiwa umesimama pale.